Mbegu Nilizozianika Juu ya Bati

Wifi yangu Tusekile hakupika mbegu za mama. Niliziharibu mimi, bibi shamba mwenye shahada, siku moja ya jua kali, kwa mikono yangu na kwa nia njema kabisa. Nimelikana jambo hili kwa miaka inayozidi umri wa wengi wenu mtakaosoma hapa. Mara nyingi nilikana kwa kunyamaza tu. Mara moja nilikana kwa kuonyesha huruma, na hiyo ndiyo inayonichoma mpaka leo.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya ugani, hasa mtakaopangiwa huku kwetu Kyela. Mkubwa wenu kazini atawaomba msikilize wastaafu, nasi wastaafu tutawaeleza jinsi tulivyokuwa hodari. Mimi sina ushahidi wa uhodari. Nina habari za matuta, mbolea na kukausha mbegu, ambazo zitawafaa, na nina hii moja ya wifi yangu, ambayo sijui kama itawafaa ila siwezi tena kukaa nayo.

Nilirudi nyumbani kutoka chuo kikuu Morogoro miaka ile soko lilipofunguliwa. Maduka ya Bondeni, pale Kyela mjini, ambayo nilipokuwa shule yalikuwa na chumvi na kiberiti tu, sasa yalijaa sabuni za Malawi, redio, mabati, na mbegu za kabichi kwenye makopo yenye picha. Kabichi ya kwenye picha ilikuwa kubwa kuliko kichwa cha mnunuzi. Kila mtu aliuza kitu. Mimi nilikuwa nauza mistari iliyonyooka.

Kijiji cha kwanza nilichopewa kilikuwa Ngana. Niliwakusanya akina mama nikawafundisha vitalu vya kuzama: badala ya kuinua tuta juu, unachimba chini, ili mvua kidogo inayonyesha isipotee. Ni mbinu nzuri sana. Watu wa Dodoma huishukuru. Lakini Kyela mvua haijawahi kutupa shida ya kupotea, shida yetu ni kuishawishi iondoke. Akina mama wale walinitazama, wakatazamana, wakachimba. Mimi ndiye msomi, wangesema nini?

Nilirudi baada ya wiki tatu. Mwenyekiti wao, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alinipokea barabarani kwa salamu ya kwetu.

"Mugonile, Bibi Shamba! Njoo uone mavuno."

"Mavuno tayari? Kabichi zimeshika?"

"Kabichi hatujui zimekwenda wapi. Ila kambale wameshika."

Kweli, katika vitalu vyangu vya kitaalamu kulikuwa na maji ya magoti na kambale wawili wakubwa, waliokuja na mafuriko ya mto wakapaona ni pazuri. Walinipikia mmoja. Nilimla kwa aibu, ingawa alikuwa mtamu.

Aliyeniokoa kazini alikuwa Mzee Ambakisye, bwana shamba wa siku nyingi, mwenye cheti kilichofifia na baiskeli isiyo na breki. Aliposikia habari za kambale hakucheka mbele yangu. Alinipeleka kwenye shamba la jirani, akanionyesha tuta la Kinyakyusa: pana, la juu kama kitanda, na ndani yake majani yamefukiwa yakiwa mabichi ili yaoze taratibu na kulisha mizizi.

"Hili nani kawafundisha?" aliniuliza.

"Wazazi wao."

"Basi wewe ukifika mahali, uliza kwanza wanafanyaje. Halafu uliza kwa nini. Hilo la pili ndilo mnalolisahau mkitoka chuoni. Mnauliza wanafanyaje ili muwasahihishe."

Mwaka ruzuku ya mbolea ilipoondolewa, wakulima walimjia wakilia kwamba mfuko wa duka haushikiki. Aliwaonyesha zizi kwa kidole. "Ng'ombe hajasikia habari za soko huria," akawaambia. "Yeye bado anatoa bure." Sentensi ile ilifanya kazi zaidi ya semina zangu zote. Na kama ningemwuliza Mzee Ambakisye habari za majivu yanayopakwa mbegu kabla ya kufanya nilichofanya, nisingekuwa nawaandikia. Sikumwuliza. Nilijua.

Nirudi nyuma kidogo, niwaeleze bustani ya nyumbani kwetu Ngonga, maana bila hiyo hamtaelewa nilichoharibu.

Mama alilima mpunga kama watu wote, lakini bustani ilikuwa nyuma ya jiko, pale maji ya vyombo yanapomwagwa. Hakukuwa na mstari hata mmoja. Maboga yalitambaa chini, kunde zilipanda juu ya mabua ya mahindi, mnavu na mchicha vilijiotea popote palipobaki nafasi. Ukimwuliza kitu fulani kiko wapi, alikwenda moja kwa moja akakichuma, kama mtu anayechukua kijiko kabatini kwake. Kila mtoto alikuwa na tuta lake dogo. Mama alitutia mbegu kiganjani, zikiwa na majivu yake, nasi tukapanda wenyewe. Mimi nilikuwa nafukua zangu kila asubuhi kuangalia kama zimeota. Kaka yangu alikula kunde zake mwezi mzima, mimi nikiwa bado nafukua.

"Umezichosha," mama aliniambia. "Hata wewe ukifunuliwa shuka kila saa hutalala."

Mbegu zile zilikaa katika vibuyu vitatu vilivyoning'inia juu ya mafiga, kwenye moshi, vikiwa na vizibo vya gunzi la mahindi. Kimoja cha kunde, kimoja cha maboga, kimoja cha mboga za majani. Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa mtu wa ng'ambo ya Mto Songwe, upande wa Karonga, Malawi, na mama alipoolewa alivuka na mbegu zile zimefungwa kwenye pindo la kitenge. Kwetu, mwenye vibuyu ndiye mwenye nyumba. Wanaume wana ng'ombe na wana maneno, lakini siku ya kupanda kila mwanamke wa ukoo hukinga kiganja mbele ya mwenye vibuyu. Mkwe akija, hukinga kama wengine. Akishazoea na kuaminika, mama mkwe humshushia vibuyu mbele ya watu akampa. Na mwanamke aliyepika mbegu, hata kama watoto wanalia njaa, hapewi. Anaweza kusamehewa wizi, uchungu wa ulimi, hata uvivu. Kula mbegu ni kula mwaka ujao wa watu wote.

Sasa, nilikuwa na wageni. Wakubwa wa kilimo kutoka mkoani walikuwa wanakuja kuona bustani za mfano, na mimi, baada ya kambale, nilihitaji ushindi. Niliamua bustani ya mfano iwe nyumbani kwa mama. Katika fomu kulikuwa na mahali pa kuandika kama mbegu ni safi. Nikavikumbuka vibuyu vyeusi kwa masizi na mbegu zilizopakwa majivu, nikaona haya. Niliwazia mkubwa mmoja anachungulia ndani, anakunja pua. Vijana, mara nyingi tulichokiita utaalamu kilikuwa haya tu, haya ya kule tulikotoka.

Ilikuwa msimu mpunga unapoanza kutoa masuke. Mama na Tusekile walikuwa shambani wanaamia ndege wasile mpunga. Kaka alikuwa safarini kuuza kakao. Nilishusha vibuyu, nikamimina mbegu kwenye beseni, nikaziosha kwa maji na sabuni mpaka zikang'aa. Uani palikuwa na mabati mapya ya kaka, yamepangwa juu ya matofali yakisubiri fundi. Jua lilikuwa linachoma. Nikazitandaza mbegu juu ya bati, nikajipongeza, nikaenda Bondeni kutafuta mifuko ya nailoni ya kuzihifadhi.

Kwa faida yenu: mbegu haioshwi majivu, kwa sababu majivu ndiyo yanayowazuia wadudu. Haianikwi juu ya bati, kwa sababu bati la saa sita linapika. Ianike kwenye mkeka, kivulini penye upepo, na uigeuze. Na usiiache uende dukani, kwa sababu mvua ya alasiri ya Kyela haibishi hodi.

Niliporudi, mabati yalikuwa safi. Nusu ya mbegu ilikuwa kwenye matope na kuku wa jirani walikuwa wanaishughulikia. Nilizookota nikazipeleka chumbani kwangu mjini, nikafanya jaribio la uotaji kama nilivyofundishwa: mbegu kumi katika kitambaa chenye unyevu. Siku ya saba nilikuwa na kitambaa chenye harufu. Ndiyo kazi pekee ya kitaalamu niliyoifanya kwa usahihi mwaka ule. Zilizobaki nilizitupa chini ya migomba. Vibuyu nilikuwa nimeshavirudisha juu ya mafiga siku ile ile, na vizibo vyake, nikijiambia kwamba nitanunua nyingine sokoni nijaze kabla mama hajavigusa.

Sikununua. Mshahara ulichelewa, kisha ukaja, kisha nikasahau, kisha nikaogopa. Wageni nao hawakuja, gari lao lilikosa mafuta.

Miezi ile ya kusubiri mpunga ilikuwa ya njaa nyumbani. Mwaka uliotangulia mafuriko yalikuwa yamechukua mavuno. Mimi mjini nilikuwa nakula, nikifika nyumbani Jumapili na kilo mbili za unga nikijiona mkombozi.

Maji ya masika yalipopungua, mama aliita siku ya kupanda. Tulikuwa wanawake saba hivi, jirani na ndugu. Tusekile alikuwa na mtoto wake wa kwanza, Ipyana, mgongoni. Alikuwa ameolewa miaka miwili, mchapakazi, mcheshi, na watu walikuwa wameanza kusema kwamba mama hatakawia kumshushia vibuyu. Mama alichomoa kizibo cha kwanza, akainamisha kibuyu kiganjani. Hakikutoka kitu. Akakitikisa. Akachukua cha pili, na cha tatu.

"Mbegu hazina miguu," alisema.

Jikoni anakaa nani kutwa? Anapika nani? Macho yote yalikwenda pale pale, bila mtu kuyatuma.

"Mama, sikupika," Tusekile alisema.

"Sijakutaja."

"Sikupika, mama."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikiwa na ndala zangu za mjini. Nilikuwa na nafasi ya sentensi moja. Nikaitumia. Nilisema kwa sauti ya upole, ile ya semina: "Tusimhukumu mwenzetu. Mtoto akilia kwa njaa, mama hufanya lolote."

Akina mama waliguna wakitikisa vichwa. Maneno mazuri, binti msomi, ana moyo. Tusekile alinigeukia akanitazama kwa muda mrefu, akafunga vizuri kitenge cha mtoto, akatoka nje. Hakuwahi kujitetea tena. Angejitetea vipi? Nilikuwa nimeshamsamehe.

Mama alivuka Songwe akaomba mbegu nyingine kwa dada yake, akaanza upya. Lakini vibuyu havikurudi jikoni. Alivitundika chumbani kwake, na kila siku ya kupanda Tusekile alikinga kiganja kama mgeni, wa mwisho kwenye mstari. Akazaa wa pili, wa tatu, mpaka wa tano. Mvi zikamwota akiwa bado anakinga. Misibani, akina mama wakichambua maharage, lazima mmoja atasema, "Ficheni mbegu, Mama Ipyana anakuja," na wote watacheka. Yeye naye alicheka. Nami nilicheka. Utani ukidumu miaka mingi unakuwa kama jina, na jina halimkasirishi mtu, au ndivyo tunavyopenda kuamini.

Mnadhani ningekuwa nimejifunza. Miaka kadhaa baadaye nilianzisha pale Ngonga kikundi cha bustani za nyumbani. Nilikuwa nimeiva kiasi: nilifundisha matuta ya juu, majani ya kufukia, mbegu kwenye majivu na moshi, na kwamba boga la mbegu huchukuliwa katikati ya mtambao, si la kwanza wala la mwisho. Mengi ya hayo niliyapata kwa kumwangalia Tusekile, ambaye bustani yake ilikuwa ya kwanza kwa uzuri kijijini. Tulipofika kuchagua mtunza mbegu wa kikundi, mama mmoja akalitaja jina lake. Mwingine akakohoa. Mwingine akaangalia juu. Wote wakanigeukia mimi.

"Pengine tumchague mwingine," nilisema. "Tusimpe mwenzetu mtihani."

Tusekile alikuwa safu ya mbele. Aliinama akaokota punje ya mchanga kwenye daftari lake. Mwanamke tuliyemchagua aliziweka mbegu za kikundi kwenye ndoo ya plastiki iliyofungwa, zikavunda zote. Mbegu huhitaji kupumua, nalo liandikeni.

Nimestaafu mwaka huu, kabla ya muda, kwa sababu ya mgongo. Naishi Mbeya mjini, na nyuma ya nyumba nimeanza bustani ya kwanza ambayo si ya mfano kwa mtu yeyote. Juzi asubuhi nilikuwa nainua tuta, vibaya, nikipumzika kila baada ya majembe matano, simu ikaita. Jina lilikuwa la Tusekile. Mama hana simu. Hutumia ya mkwewe, na kwa kuwa masikio yamezeeka huwekewa sauti ya nje.

"Atupele! Unanisikia?"

"Nakusikia, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mikono imekataa. Jembe silishiki tena. Sasa umestaafu, njoo uchukue vibuyu. Ni vyako."

"Mama, na wifi?"

"Wifi yako ndiye kanipigia simu hii. Hana neno."

Nyuma ya sauti yake nilisikia sufuria zinasuguliwa. Hazikusita hata kidogo. Wifi alikuwa amempigia mama namba yangu ili yeye mwenyewe anyang'anywe vibuyu mbele ya masikio yake, kisha akarudi kuosha vyombo.

Nilikaa chini, palepale kwenye tuta.

"Mama, Tusekile hakupika zile mbegu."

"Zipi?"

"Zile za bibi. Niliziosha mimi. Nikazianika juu ya mabati ya kaka, zikaungua, na mvua ikazikuta. Nikanyamaza."

Sufuria zilinyamaza.

"Sema kwa nguvu," mama alisema. "Sisikii."

Alikuwa amesikia. Namjua mama yangu. Nikasema tena.

"Kwa nguvu!"

Nikapiga kelele. Nilieleza yote, sabuni, bati, kitambaa, migomba, na yale maneno yangu ya mlangoni, kwa sauti iliyomfanya jirani yangu ng'ambo ya ua aache kuanika nguo.

"Nilimkingisha mtoto wa watu kiganja mpaka amezeeka," mama alisema. Hakuwa anasema na mimi. Kisha nikamsikia: "Mama Ipyana. Acha vyombo. Njoo ukae hapa. Hapana, si chini. Hapa."

Kiti kilivutwa. Halafu akanirudia.

"Wewe usije kuchukua kitu. Vibuyu vina mwenyewe. Ukitaka kupanda, utamwomba."

Simu ikabadilisha mkono. Nilisikia mtu anafuta maji kwenye kitenge.

"Wifi," nilisema. "Nisamehe."

"Mwezi ule," Tusekile alisema, polepole, kama anayesoma kitu alichokiandika zamani, "Ipyana alikuwa analala bila kula. Vibuyu vilining'inia juu ya sufuria niliyokuwa nachemshia maji matupu. Kila siku nilivitazama. Sikuvigusa."

Vilikuwa vitupu wakati ule wote, na sasa alikuwa anajua.

"Nisamehe, wifi."

"Nimesikia. Jumapili kikundi kinakutana baada ya ibada. Wengi wa wale waliokuwepo jikoni bado wapo. Utakuja uwaambie mwenyewe."

"Nitakuja."

"Kwa sauti hiyo hiyo uliyomwambia mama."

"Ndiyo."

"Mengine tutazungumza ukishamaliza kusema," alisema, na akakata simu.